Michezo Wakati wa Mlipuko: Kombe Hubaki Uwanjani, Ugonjwa Huja Nyumbani

Msimu wa michezo ya shule unapokaribia, nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe hubadilika kidogo. Mtoto aliyezoea kuamshwa kwa kelele huamka mwenyewe alfajiri kwenda mazoezini. Jioni hurudi na habari: amechaguliwa timu ya shule, kisha ya kata, kisha ya wilaya, na Mungu akipenda ya mkoa. Baba huanza kutafuta fedha za raba na nauli. Mama hutafuta shuka, ndoo na godoro jembamba la kubebea. Majirani hupita kumpongeza, na nyumba nzima hujiona imechaguliwa.

Mama mmoja wa Kisarawe alituletea swali lililotufanya tuandike makala hii. Binti yake anacheza netiboli, naye alikuwa ameitwa kwenda kambini na timu ya wilaya. Siku zile zile ikasikika habari kwamba ugonjwa wa kuhara na kutapika umeingia katika maeneo ya jirani. "Nikimzuia," alisema, "atalia mwaka mzima, na watu watasema nimemkatia mwanangu riziki. Nikimruhusu, nitalala na wasiwasi kila usiku. Nifanye nini?"

Swali hili si dogo. Ndilo lile lile wanalojiuliza mawaziri wa afya na viongozi wa michezo duniani kote kila mara mlipuko wa ugonjwa unapokutana na tarehe ya mashindano makubwa. Wao hujadili mataifa na viwanja vya watu elfu sitini. Mama huyu anajadili mtoto mmoja na ndoo yake. Lakini mambo ya kupima ni yale yale, na mzazi yeyote anaweza kuyaelewa.

Kwa nini michezo si sawa na soko au harusi

Watu hukusanyika kila siku: sokoni, stendi, kanisani, harusini. Kwa nini basi mashindano ya michezo yahofiwe zaidi? Sababu ni tatu.

Kwanza, ni muda wa kukaa pamoja. Sokoni mtu hukaa saa moja akarudi kwake. Kambini wanamichezo hukaa juma moja, mara nyingine mawili. Hulala chumba kimoja, magodoro yamegusana. Hula chakula cha sufuria moja. Huchota maji ya kunywa katika pipa moja, na mara nyingi kwa kikombe kimoja. Shule iliyojengewa wanafunzi mia nne hupokea ghafla wageni mia nane, na vyoo ni vile vile. Kiwango kinachotakiwa katika shule zetu ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kila mzazi aliyewahi kufika kambini anajua jinsi kiwango hicho kinavyosahaulika wageni wanapowasili.

Pili, watu hutoka mbali na kurudi mbali. Ugonjwa uliokuwa katika kijiji kimoja hupata nafasi ya kusafiri bure kwenda wilaya zote kwa mabasi ya timu.

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, mwanamichezo huficha ugonjwa. Mtoto aliyefanya mazoezi miezi sita hatasema ana homa asubuhi ya mchezo, kwa maana anajua atawekwa benchi. Mwalimu naye, kwa kutaka ushindi, pengine hatauliza sana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kambini anayeficha maradhi huwaumbua na wenzake aliolala nao.

Kila ugonjwa una mlango wake

Wapo wanaosikia neno "mlipuko" wakataka kila kitu kifungwe. Wapo pia wanaosema, "Tumezoea magonjwa, tuendelee." Wote wawili hawajauliza swali la kwanza: ugonjwa huu unaingia kwa mlango gani?

Kipindupindu huingia kwa kinywa, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mbio na mpira havimwambukizi mtu kipindupindu. Wanaomwambukiza ni pipa la maji yasiyotibiwa, choo kisicho na sehemu ya kunawia, na mama lishe wa pembeni ya uwanja anayesuuza sahani zote katika beseni moja. Tusiudharau ugonjwa huu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa nchi nzima, na hadi mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walikuwa wamepita 33,000 na vifo vimepita 500.

Surua, mafua makali na UVIKO-19 huingia kwa hewa. Hapa uwanja wa wazi una nafuu. Hatari kubwa iko bwenini, ndani ya basi lililofungwa madirisha, na ukumbini. Mwezi Julai 1991 michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu wa akili ilifanyika katika jiji la Minneapolis, Marekani, na sherehe za ufunguzi zikawa ndani ya uwanja wenye paa. Mwanamichezo mmoja alikuwa na surua. Miongoni mwa walioupata ugonjwa huo baadaye walikuwemo watazamaji waliokaa jukwaa la juu, mbali kabisa na wanamichezo. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Mpox, ambayo zamani iliitwa homa ya nyani, huingia hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mtu mwenye vipele, au kutumia taulo, shuka na nguo zake. Ebola na Marburg huingia kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla hajaanza kuumwa.

Homa ya dengi, ambayo wengi huiita kidingapopo, huletwa na mbu anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Saa hizo ndizo watoto wetu wanapokuwa uwanjani na kaptula. Mbu huyu huzaliana katika maji safi yaliyotuama: tairi bovu nyuma ya goli, kifuu, kopo, chupa iliyokatwa.

Ukiujua mlango, unajua pa kuweka mlinzi. Usipoujua, utapuliza dawa ya mbu wakati wa kipindupindu, au utafunga uwanja na kuliacha bweni limejaa.

Kalenda mbili

Kuna jambo moja ambalo tungependa kila mzazi alishike, hata akisahau mengine yote. Mashindano yana kalenda yake na ugonjwa una kalenda yake, nazo hazilingani.

Tangu mtu aambukizwe hadi aanze kuumwa hupita siku kadhaa. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5. Dengi huchukua siku 4 hadi 10. UVIKO-19 siku 2 hadi 14. Surua kwa kawaida siku 10 hadi 14. Mpox, Ebola na Marburg huweza kufika siku 21.

Sasa hesabu nasi. Timu inarudi Kisarawe Jumamosi jioni, watoto wanaimba ndani ya basi. Aliyeambukizwa kipindupindu siku ya mwisho ataanza kuhara katikati ya juma, akiwa nyumbani kwa mama yake, akitumia choo cha nyumba nzima. Aliyeambukizwa surua ataonekana mzima kwa siku kumi, atarudi darasani, atacheza na wadogo zake. Tena surua huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutoka. Atakapotoka vipele, kombe limekwishawekwa kabatini na mashindano yamesahaulika.

Ndiyo maana mara nyingi husikia waandaaji wakisema, "Mashindano yalikwisha salama, hakuna aliyeugua." Pengine wanasema kweli kuhusu uwanja. Kuhusu nyumba zetu bado hawajui, na mara nyingi hakuna anayerudi kuuliza.

Hata mataifa makubwa yamenaswa na kalenda hizi. Tarehe 19 Februari 2020, timu ya Atalanta ya Bergamo, Italia, ilicheza na Valencia ya Hispania katika uwanja wa San Siro mjini Milano. Maelfu ya mashabiki walisafiri kutoka Bergamo kwa mabasi, treni na magari, wakashangilia, wakakumbatiana. Siku moja au mbili tu baadaye Italia iligundua kwamba virusi vya korona vilikuwa vikienea ndani ya nchi. Ndani ya mwezi mmoja Bergamo ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia kuliko yote Ulaya. Hatusemi kwamba mchezo ule peke yake ndio uliouleta msiba. Tunasema kwamba siku ya mchezo ugonjwa ulikuwepo tayari, na hakuna aliyeuona.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano. Mwezi Aprili 2019 Tanzania ilikuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Nchi nane zilicheza Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa na Chamazi, hadi Cameroon ilipotwaa kombe. Miezi ile ile jiji lilikuwa katika mlipuko wa dengi. Mashindano hayakusitishwa, na kwa ugonjwa unaoletwa na mbu hilo halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu mbu hangojei watu wakusanyike. Lakini mlipuko kama huo unatukumbusha kwamba usafi wa uwanja si mapambo ya kupokea wageni. Hapa kwetu Kibaha kipo kiwanda cha kutengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichozinduliwa mwaka 2015. Dawa hiyo iko karibu nasi, lakini kopo lililotuama maji nyuma ya goli huhitaji tu mtu wa kuinama na kulimwaga.

Mwezi Machi 2020 mambo yalikuwa tofauti. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko ya michezo, kuanzia Ligi Kuu hadi michezo ya shule za msingi na sekondari. Wengi walinung'unika, hasa watoto waliokuwa wakijiandaa. Ligi ilirejea mwezi Juni mwaka ule. Dunia nzima nayo ilisimama: Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa hadi 2021, na ilipofanyika viti vya viwanja vya jiji lile vilikuwa vitupu.

Mwezi Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa Dar es Salaam na mikoa mingine, wakati Taifa Stars ikicheza fainali za Afrika huko Ivory Coast. Sisi hatukuwa wenyeji wa mashindano hayo. Lakini kila penye kibanda umiza watu hubanana kwenye mabenchi, mmoja anajifuta macho kwa kiganja, kisha Stars wakikaribia goli anamshika mwenzake mkono. Mashindano ya mbali nayo huleta mkusanyiko wa karibu.

Kisha ikaja CHAN, iliyochezwa Agosti 2025 katika nchi zetu tatu: Tanzania, Kenya na Uganda. Ilifunguliwa tarehe 2 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Stars ikaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0, na ikamalizika Nairobi tarehe 30. Muda wote huo tangazo la Shirika la Afya Duniani kwamba mpox ni dharura ya kimataifa lilikuwa bado halijaondolewa. Lilitolewa tarehe 14 Agosti 2024 na likaondolewa tarehe 5 Septemba 2025, siku sita baada ya fainali. Tanzania yenyewe ilikuwa imetangaza wagonjwa wake wa kwanza mwezi Machi 2025.

Je, ilikuwa kosa kucheza? Kwa maoni yetu, hapana. Tukirudi kwenye somo la milango, mtu aliyekaa jukwaani na nguo zake hawekwi katika hatari kubwa ya mpox kwa kumtazama mchezaji. Waliohitaji ulinzi ni wanaolala kitanda kimoja, wanaobadilishana jezi zenye jasho, na wanaoshirikiana taulo. Uamuzi ule ule kwa ugonjwa wa hewa ungekuwa hatari.

Fundisho la Morocco

Kisa cha uenyeji na ugonjwa kinachokumbukwa zaidi Afrika ni cha Morocco. Nchi hiyo ilipangwa kupokea Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2015. Mwaka 2014 Ebola ikaripuka Guinea, Liberia na Sierra Leone, ugonjwa ambao hadi kwisha kwake uliua watu zaidi ya 11,000. Morocco ikaomba mashindano yaahirishwe. Shirikisho la soka la Afrika likakataa. Mwezi Novemba 2014 Morocco ikanyang'anywa uenyeji, na Equatorial Guinea ikakubali kupokea mashindano kwa maandalizi ya miezi miwili tu. Michezo ikaanza tarehe 17 Januari 2015, ikamalizika tarehe 8 Februari kwa Ivory Coast kuifunga Ghana kwa penalti, na Ebola haikuzuka huko.

Wapo waliosema Morocco ilikuwa na woga. Wapo waliosema shirikisho lilipenda fedha kuliko watu. Sisi tunaona mafundisho mawili. La kwanza, mchezo uliwezekana kwa sababu ya mlango wa Ebola: anayeambukiza ni yule aliyekwisha kuumwa, hivyo kupima joto na kumtenga mwenye homa kuna maana. Asiwepo wa kusema, "Mwaka ule hapakutokea kitu, na safari hii hapatatokea," bila kuuliza ugonjwa ni upi.

La pili ni la utu. Timu ya Guinea, yenye nchi iliyojaa msiba, ililazimika kucheza michezo yake ya nyumbani ya kufuzu ugenini, huko Casablanca, Morocco. Hata hivyo ilifuzu na ikafika robo fainali. Katika ngazi ya wilaya zetu jambo hili hutokea kwa namna ndogo: watoto wanaotoka kata yenye kipindupindu huitwa majina, hukimbiwa mezani, huzomewa. Mtoto aliyezomewa leo, kesho akianza kuhara atanyamaza. Hapo dhihaka inakuwa njia ya ugonjwa.

Sisi tuko njiani

Kibaha na Kisarawe si mahali pa pembeni. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Kibaha, na mabasi ya nusu ya nchi hupita Maili Moja na Mlandizi. Kisarawe iko nyuma ya Pugu, mwendo mfupi wa daladala kutoka jijini. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inasimama Pugu na Soga. Shabiki anaweza kutazama mpira Temeke jioni na kulala nyumbani kwake Kisarawe usiku ule ule, pamoja na alichookota.

Pia sisi ni wenyeji wa michezo. Viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha vimewahi kupokea UMISSETA ya taifa zima. Mkuza kuna kituo cha michezo alichokianzisha Filbert Bayi, Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Na tusisahau mabonanza ya mitaani, kombe la diwani, na michezo ya vijana wa parokia kila sikukuu. Mwaka 2023 nchi zetu tatu zilipewa uenyeji wa fainali za Afrika za 2027. Kwa hiyo swali la mama yule litarudi, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Tunayo mambo ya kujivunia. Hospitali ya Tumbi iko Kibaha. Kisarawe mjini, iliyotaabika kwa maji miaka mingi, ilipata mradi wa maji kutoka Kibamba uliozinduliwa Juni 2020. Lakini bomba lililofika mjini si lazima liwe limefika kwenye kiwanja cha mpira.

Maswali matatu ya kumwuliza mwalimu

Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

1. Maji ya kunywa yatatoka wapi, na nani atayatibu? Je, vyoo vinatosha, na kuna maji na sabuni ya kunawia karibu navyo?

2. Mtoto akiugua usiku, ni nani atamhudumia, atatengwa chumba gani, na atapelekwa kituo kipi cha afya kwa gari lipi?

3. Mlipuko ukitangazwa tukiwa katikati ya mashindano, nani ana mamlaka ya kusimamisha, na watoto watarudishwa kwa utaratibu gani?

Mwalimu mwenye majibu hatakasirika. Asiye na majibu amesaidiwa kuyatafuta mapema.

Kabla ya safari

Tazama kadi ya chanjo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kama hakukamilisha, nendeni kituo cha afya mkaulize, msingoje siku ya safari.

Mfungie vitu vyake mwenyewe: kikombe, kijiko, sabuni, taulo, chupa ya maji, chandarua, na pakiti chache za ORS. Mwambie wazi kwamba kikombe na taulo havitolewi kwa rafiki, hata rafiki wa kufa na kuzikana.

Mtoto mwenye homa, kuhara au vipele asisafiri. Hili linauma, lakini halina mjadala.

Zungumza naye kuhusu kuficha ugonjwa. Mwambie hivi: "Ukiugua ukasema, sitakugombeza, wala hujaniaibisha." Maneno hayo yana nguvu kuliko dawa nyingi.

Kambini na uwanjani

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yawekwe katika ndoo yenye bomba na mfuniko, si pipa la kuchovya kikombe.

Chakula kiliwe kikiwa moto. Matunda yaoshwe kwa maji salama. Wauzaji wa pembeni ya uwanja waonwe na bwana afya kabla ya mashindano kuanza.

Madirisha ya mabweni na mabasi yafunguliwe. Vitanda visibanane. Jezi na soksi zisivaliwe na mtu mwingine kabla ya kufuliwa.

Kila asubuhi mwalimu awaulize wote, si nyota tu: "Nani ana homa? Nani ameharisha?" Na anayesema asiadhibiwe.

Baada ya kurudi

Hapa ndipo familia inapokuwa mlinzi wa mwisho. Andika tarehe aliyorudi kwenye kalenda ya ukutani, kisha mwangalie kwa majuma matatu. Nguo na shuka zifuliwe na kuanikwa juani siku ile ile.

Akianza kuhara maji maji mengi, usingoje kupambazuke. Mpe ORS: pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama. Kama hakuna pakiti, changanya lita moja ya maji hayo na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Anywe kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na huweza kufanya hivyo ndani ya saa chache.

Akipata homa kali yenye maumivu ya viungo na nyuma ya macho, apimwe malaria na dengi. Mpe parasetamo kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini, diklofenaki wala aibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuongeza kutoka damu iwapo ni dengi.

Akitoka vipele pamoja na homa, abaki nyumbani, asiende darasani, na mhudumu wa afya aelezwe kwamba alikuwa kambini. Neno hilo moja linaweza kuokoa timu nzima. Ushauri na taarifa hupokelewa bila malipo kwa simu namba 199 ya Wizara ya Afya.

Na yule mama?

Tulimjibu kwamba hatuwezi kuamua kwa niaba yake, lakini tulimpa maswali yale matatu. Aliyapeleka shuleni akiwa na wazazi wengine wawili. Swali la kwanza mwalimu alilijibu vizuri. La pili hakuwa na jibu: hapakuwa na chumba cha kumtenga mgonjwa, wala gari la usiku. Wazazi hawakugomba. Walikaa na kamati ya shule, kikapatikana chumba cha stoo kilichosafishwa, na baba mmoja mwenye bajaji akakubali kuitwa saa yoyote.

Binti akaenda. Siku ya tatu msichana mmoja wa timu yao akaharisha usiku, akamwamsha mwalimu wake, akapelekwa kituo cha afya kabla ya alfajiri. Alipona, na wenzake hawakuugua. Timu ilitolewa mapema na binti alirudi na huzuni ya kufungwa. Mama yake aliandika tarehe kwenye kalenda, akahesabu siku ishirini na moja, moja moja, bila kumwambia.

Kama chumba na gari visingepatikana, mama yule angekuwa na haki kabisa ya kumzuia mtoto, na sisi tungesimama upande wake. Michezo ya mwakani ipo.

Mwezi huu, kabla ya bonanza lolote katika mtaa au parokia yako, nenda ukaangalie mambo mawili tu: ndoo ya maji ya kunywa na choo. Ukikuta havifai, sema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.